Saibanetiki ilianza na mizinga, ikafikaje kwa jamii, na siku hizi iko wapi?

FundiGeji_Jinja:

Habari zenu ndugu. Mimi ni fundi wa vyombo vya vipimo kwenye kiwanda kimoja huku Busoga, siku nyingi niko na boila, ule mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Kuna swali limenikaa kichwani na huku kazini hakuna mwenye muda nalo.

Kazi yangu yote ni mzunguko mmoja tu. Sensa inapima kimo cha maji kwenye dramu ya boila, inapeleka signali kwa kontrola, kontrola inalinganisha maji yalipo na pale yanapotakiwa kuwa, alafu inafungua valvu au inaibana, maji yakibadilika sensa inaona tena, hivyo hivyo usiku na mchana. Sasa nimeanza kusoma kuhusu saibanetiki nikakuta kumbe wazo lenyewe ndilo hilo, mrejesho, kitu kinaangalia matokeo ya kazi yake na kujirekebisha. Mpaka hapo tuko sawa. Lakini ukifungua kurasa zinazofuata unakuta wanaongea ubongo, wanaongea familia, serikali, uchumi wa Chile, mpaka Margaret Mead aliyekuwa anachunguza mila za watu wa Samoa naye yumo!

Naomba mwenye kujua anieleze, watu waliokuwa wanatafuta mtambo wa kulenga ndege kwenye vita ya pili walifikaje kwa jamii? Alafu mbona leo sisikii mtu anajiita mtaalamu wa saibanetiki, ilikufa ama? Na la mwisho, kwa ukweli kabisa mnaona nchi inaweza kuendeshwa hivyo?

Hilo la mwisho nauliza kwa sababu najua vile signali inadanganya. Kwenye boila, mashine zikivuta mvuke mwingi kwa ghafla, presha kwenye dramu inashuka, viputo vya mvuke vilivyo ndani ya maji vinatanuka, basi sensa inaona maji yamepanda wakati kwa kweli yanapungua. Kontrola yenye kuangalia kimo peke yake itabana valvu, yaani inakata maji saa ile ile boila inayahitaji kuliko wakati wote, na ukiiacha hivyo mabomba yanaungua. Ndio maana tunapima vitu vitatu, kimo, mvuke unaotoka na maji yanayoingia. Kama dramu moja ya chuma inaweza kutoa habari ya uongo hivi, nchi nzima je?

MwalimuHesabu_Tororo:

Ndugu fundi, umeuliza vizuri sana. La mizinga wacha nilijibu kwa urefu.

Norbert Wiener alikuwa mwanahesabu wa MIT kule Marekani, mtu aliyepata udaktari wa Harvard akiwa na miaka 18. Vita ilipoanza yeye na injinia Julian Bigelow wakapewa kazi ya kutafuta namna mzinga ulenge ndege ya adui. Shida yake ni kwamba risasi inachukua sekunde nyingi kufika huko juu, kwa hiyo hulengi ndege ilipo, unalenga itakapokuwa. Na ndani ya ndege kuna mtu, anaona risasi zinapasuka karibu yake anakata kona, na chini pia kuna mtu anayeufuatilia huo mwendo kwa macho na mikono. Hapo ndipo Wiener alipogundua kwamba huwezi kuandika hesabu ya mashine ukamwacha mtu nje, rubani na ndege yake na mpigaji na mzinga wake wote wako kwenye mzunguko mmoja. Mtambo wao wenyewe haukuingia vitani, lakini wazo lilibaki.

Sasa sikiliza hii, wewe wa kontrola utaielewa kuliko sisi. Unajua vile ukiweka nguvu ya kurekebisha kubwa mno mtambo unaanza kuyumba, unapita huku, unarudi unapita kule, hautulii. Wakamwuliza Arturo Rosenblueth, daktari wa fiziolojia kutoka Mexico, je kuna ugonjwa wa binadamu unaofanana na hivyo? Akasema upo. Mtu aliyeumia ubongo wa nyuma, serebela, akinyoosha mkono kuchukua glasi mkono unaanza kuyumba, unapita glasi, unarudi, unapita tena, na kadiri anavyokaribia ndivyo unavyozidi. Akikaa bila kufanya kitu mkono umetulia kabisa. Yaani kosa la mzinga na kosa la neva ni kosa moja. Mwaka 1943 watatu hao wakaandika makala wakisema hata neno "lengo" linaweza kuelezwa kisayansi, kitu chenye lengo ni kile kinachotumia tofauti kati ya kilipo na kinapotaka kufika ili kijirekebishe. Mwaka huo huo daktari wa neva Warren McCulloch na kijana Walter Pitts nao wakatoa kazi yao inayoonyesha vile seli za neva zinaweza kuchukuliwa kama mitambo ya mantiki.

Ukishakubali kwamba mkono wa mtu na mzinga vinafuata hesabu moja, huwezi kusimama hapo. Tangu 1946 mpaka 1953 mfuko wa Macy, shirika la ufadhili la Marekani, uliitisha mikutano kumi, McCulloch ndiye mwenyekiti, Wiener yumo, mwanahesabu John von Neumann yumo, madaktari wa akili wamo, na Margaret Mead na mumewe wa wakati huo Gregory Bateson wamo. Mead alishahudhuria kamkutano kadogo ka mwanzo 1942 ambako mawazo ya Rosenblueth yalielezwa, na baadaye alisimulia kwamba alisisimka hivi kwamba alivunjika jino na hakutambua mpaka mkutano umeisha. Kwa yeye na Bateson haikuwa habari ya mashine. Walikuwa wameona kwenye vijiji vya watu ugomvi unaochochea ugomvi, na desturi zinazouzima kabla haujaharibu kijiji, na hawakuwa na lugha ya kueleza hayo kwa ufasaha. Mrejesho uliwapa lugha.

Kitabu cha Wiener, Cybernetics, kikatoka 1948. Na nataka mjue kitu kingine juu ya huyu mtu, Januari 1947 gazeti la Atlantic lilichapisha barua yake akimkatalia mtafiti wa kampuni ya ndege aliyeomba nakala ya kazi yake ya wakati wa vita. Alisema baada ya Hiroshima na Nagasaki hatatoa tena kazi inayoweza kuua watu wasio na hatia mikononi mwa wapenda vita. Aliikataa pesa ya jeshi mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu hili kabla ya hesabu yenyewe.

Mzee_Masese:

Mwalimu heshima yako lakini usianzie 1940. Gavana, yaani kifaa cha kushikilia spidi ya mashine, ilikuwepo zamani sana. James Watt aliweka gavana ya mipira miwili kwenye injini ya mvuke 1788, spidi ikipanda mipira inafunguka inabana mvuke, spidi ikishuka inaachia. Mwanafizikia Maxwell akaiandikia hesabu 1868. Wiener mwenyewe alilitaja hilo na alimheshimu Maxwell. Mimi nimekuwa fundi umeme maisha yangu yote na nawaambia hapa hapa Jinja bwawa lililofunguliwa na malkia 1954 lina gavana kwenye kila tabaini, ile mashine inayozungushwa na maji, watu Kampala wakiwasha pasi na majiko jioni tabaini inataka kupunguza mwendo, gavana inaona, inafungua milango ya maji zaidi, umeme unabaki kwenye mizunguko 50 kwa sekunde. Hakuna mtu anayekimbia kushika gurudumu.

Lakini kuhusu swali la jamii nina mfano wa nyumbani ambao vijana hawaujui. Kabla ya bwawa, maji ya ziwa Victoria yalitoka kwa kupita kwenye maporomoko ya Ripon, mwamba ndio ulikuwa unaamua, ziwa likijaa yanatoka mengi, likipungua yanatoka kidogo. Huo ni mrejesho wa Mungu mwenyewe. Bwawa lilipojengwa Ripon ikazama, kwa hiyo Uganda na Misri, enzi za Mwingereza, wakakubaliana juu ya mstari, kila kimo cha ziwa kina kiasi chake cha maji ya kuachia, sawa na vile mwamba ungeachia. Kila asubuhi unasoma geji ya Jinja, unaangalia mstari, unajua ufungue kiasi gani. Sasa ikaja miaka ya 2004 mpaka 2006, mvua hakuna, na nchi inataka umeme, maji yakaachiwa kuliko mstari unavyosema. Ziwa likashuka, boti zikawa zinakwama mbali na gati, wavuvi wanatembea kwenye tope mahali palipokuwa na maji. Na ziwa likishuka umeme nao unapungua kwa sababu maji hayana tena nguvu ile ya kuanguka, kwa hiyo ukitaka umeme ule ule unaachia maji zaidi, linashuka zaidi. Unaona mzunguko ulivyogeuka? Badala ya kurekebisha unaongeza ugonjwa. Ukame ulichangia sana, sikatai, lakini ukame ndio wakati ule mstari ulipohitajika.

Kwa hiyo fundi, jamii tayari inaendeshwa hivyo. Swali ni nani ana ruhusa ya kuuacha mstari na anamjibu nani.

DadaKoboko:

Mzee asante, hiyo ya ziwa nilikuwa nimesikia nusu nusu.

Niongezee Chile maana ndugu fundi ameitaja kwa haraka na ndiyo sehemu ninayoijali zaidi. Rais Allende alichukua serikali 1970, viwanda vingi vikawa vya umma kwa muda mfupi, na kijana mmoja injinia anaitwa Fernando Flores akamwandikia Mwingereza Stafford Beer, mtaalamu wa saibanetiki ya uongozi, mwaka 1971 akimwomba awasaidie kuvisimamia kwa njia ya saibanetiki. Beer alikuja. Walichokuwa nacho ni kidogo mno, kompyuta moja kubwa na mashine za teleksi, zile za kutuma maandishi kwa waya, wakaziunganisha viwandani, kila siku kiwanda kinatuma namba chache tu, malighafi, uzalishaji, watu wangapi hawakuja kazini. Programu inaangalia kama kuna mwenendo wa ajabu.

Na hapa ndipo napenda, ikiona tatizo haikimbilii kwa waziri. Inaambia kiwanda chenyewe kwanza, na kiwanda kinapewa muda uliokubaliwa wa kulimaliza. Wakishindwa ndipo habari inapanda ngazi moja juu. Yaani mkubwa hapewi kila kitu, anapewa kile ambacho walio chini wameshindwa. Linganisha na ofisi zetu ambako barua ya kununua taa moja inapanda mpaka juu kabisa na kurudi.

Kule Santiago walijenga chumba chenye viti saba, ukutani skrini, na kwenye mkono wa kiti vitufe vikubwa. Hawakuweka kibodi kwa makusudi, Beer hakutaka mtu ategemee karani wa kumpigia chapa, alitaka hata mfanyakazi wa kiwandani aketi pale na aelewe. Oktoba 1972 wenye malori waligoma nchi nzima, na zile teleksi ndizo zilizotumika kujua wapi kuna gari, wapi barabara imefungwa, wapi chakula kimekwisha. Serikali ilipita mgomo ule. Haikupita mapinduzi ya 11 Septemba 1973, Allende akafa na mradi ukavunjwa.

Beer alikuwa pia na wazo la kifaa kidogo nyumbani kwa mwananchi, unazungusha kitufe kuonyesha umeridhika au umekasirika wakati viongozi wanaongea, nao wanaona hapo hapo. Halikufika popote. Lakini fundi, ulisema kimo peke yake kinadanganya. Huyu alikuwa anatafuta kipimo chake cha pili!

AfisaKilimo_Gulu:

Nimesoma wote kwa makini na nina wasiwasi, naomba mnivumilie.

Nimekusanya takwimu za kilimo ngazi ya chini kwa muda mrefu, siitaji ofisi. Mkulima anaulizwa amelima eka ngapi. Akidhani ni kodi anasema moja. Akidhani ni mbegu za bure anasema tano. Kijana anayekusanya amechelewa, anajaza za jirani. Namba inapofika juu imeshakuwa na meza nzuri na rangi na kila mtu anaiamini kwa sababu imeandikwa kwa kompyuta. Boila haina nia, ndugu fundi. Viputo vyako vinadanganya kwa sheria ya fizikia, kwa hiyo unaweza kuvipigia hesabu. Mtu anadanganya kwa sababu ameona unachompima.

Warusi walionja hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 magazeti yao yaliitukana saibanetiki, wakaiita sayansi ya uongo ya mabepari. Stalin alipokufa wakageuka, mpaka ikawa ndiyo tumaini la kuokoa mipango yao ya uchumi. Viktor Glushkov, mtaalamu wa kompyuta wa Kyiv, alipendekeza mtandao wa kompyuta kwa nchi nzima kuanzia 1962, maelfu ya vituo, kila kiwanda kimeunganishwa, hata malipo bila noti. Mwaka 1970 wakubwa walikataa ule mpango mkubwa, wizara moja haitaki nyingine ishike namba zake, ikabaki mifumo midogo midogo isiyoongea pamoja. Watu husema laiti wangeukubali. Mimi nasema hata ungekubaliwa, meneja wa kiwanda aliyezoea kuficha akiba ili asipandishiwe lengo mwaka ujao angeendelea kuficha, tofauti ni kwamba uongo wake ungefika Moscow haraka zaidi.

DadaKoboko:

Afisa nakubaliana nusu. Huyo meneja alidanganya kwa sababu ukweli ulikuwa unamwadhibu. Na mkulima wako vile vile. Kama namba inarudi kwake kama msaada na anaiona ikirudi, kwa nini adanganye mwaka wa pili? Tatizo tunaita mrejesho kitu kinachopanda tu. Kama hakishuki si mrejesho, ni ripoti.

AfisaKilimo_Gulu:

Hapo umesema dada. Sijawahi kumrudishia mkulima hata karatasi moja ya zile nilizochukua, na hakuna aliyewahi kunipa ya kumrudishia.

Kijana_Wandegeya:

Mimi nasoma kompyuta hapa Kampala, wacha nijibu lile la ilienda wapi.

Haikufa, iligawanywa. 1956 mwanahesabu John McCarthy na wenzake waliitisha mkutano wa kiangazi kwenye chuo cha Dartmouth, Marekani, na jina la akili bandia akalichagua yeye. Baadaye alikubali mwenyewe kwamba sababu moja ilikuwa kukaa mbali na saibanetiki, hakutaka ama kumkubali Wiener kama mwalimu ama kubishana naye. Pesa za utafiti zikaenda huko. Mainjinia wakabaki na kontrola, hiyo ndiyo yako fundi. Bateson akaenda kwa familia na magonjwa ya akili, madaktari wanaotibu familia nzima pamoja badala ya mgonjwa peke yake wametokea kwake. Watu wa mazingira wakachukua mizunguko yao. Kila mmoja alichukua kipande akakipa jina lake, sasa ukitafuta mwenye shamba humpati. Na zile neva za McCulloch na Pitts za 1943 ndizo babu za mitandao inayoendesha hizi programu za kuandika na kutafsiri leo, ambazo nazo zinafundishwa kwa kurudisha kosa nyuma na kurekebisha kidogo kidogo. Yaani waliikimbia saibanetiki kwa jina wakarudi kwake kwa mlango wa nyuma.

Kwenye jamii sasa, angalieni simu zenu. Unasimama kwenye video ya ugomvi sekunde tatu zaidi, programu imepima, inakuletea nyingine kali zaidi, unasimama zaidi. Ni mzunguko kamili, una sensa, una kontrola, una lengo. Lengo ni wewe usitoke. Na hilo lengo hukuliweka wewe.

Serikali nayo ina mizunguko yake. Julai 2018 ilikuja ile kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku, nia ilikuwa mapato. Watu wakajifunza VPN, programu ya kuficha uko wapi mtandaoni, kwa wiki chache, mpaka mama anayeuza nyanya Kalerwe anajua kuiwasha. 2021 ikaondolewa wakaweka asilimia 12 kwenye data. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini ule ni mfumo uliosukuma watu na watu wakasukuma kurudi mpaka ukabadilika umbo. Ross Ashby, daktari Mwingereza, aliandika kanuni yake miaka ya 1950, anayetaka kudhibiti kitu lazima awe na njia nyingi za kujibu kama zile ambazo kitu chenyewe kina njia za kubadilika. Kodi ya aina moja mbele ya watu milioni kadhaa wenye simu haiwezi.

FundiGeji_Jinja:

Ndugu zangu nimewasoma usiku zamu yote, asanteni mno. Ile ya mkono na glasi nimewaelezea wenzangu leo asubuhi mmoja akasema "hiyo ni gaini imezidi," yaani nguvu ya kurekebisha kubwa mno, na ndiyo hasa.

Bado kuna moja. Kijana amesema lengo hukuliweka wewe. Kwenye kontrola yangu kile kimo kinachotakiwa tunaandika sisi kwa kitufe, na kuna funguo, si kila mtu anagusa. Wiener aliwahi kuongea juu ya nani anashika ule ufunguo? Na juu ya kazi zetu? Maana kila wakileta kontrola mpya watu wawili watatu hawarudi.

MwalimuHesabu_Tororo:

Aliongea sana, na mapema kuliko wengi. Agosti 1949 alimwandikia barua Walter Reuther, mkuu wa chama cha wafanyakazi wa magari Marekani, akamweleza kwamba mashine za kujiendesha zinakuja viwandani na zitaondoa watu wengi, na akamwomba chama kijiandae kabla, hata akajitolea kusaidia. Mwanahesabu wa chuo kikuu ndiye aliyewatafuta wafanyakazi, si wao waliomtafuta. Reuther alimjibu vizuri na waliwasiliana, lakini viwanda viliendelea na safari yao.

Juu ya ufunguo, 1960 aliandika kwamba ukiipa lengo mashine inayofanya kazi haraka kuliko wewe unavyoweza kuisimamisha, lazima uwe na hakika kabisa kwamba lengo uliloliweka ndilo unalolitaka kweli, si kitu kinachofanana nalo. Alitaja hadithi za zamani za mtu anayepewa ombi lake kama alivyolisema na si kama alivyomaanisha, akalia.

Ukitaka kumsoma usianze na kile cha 1948, kina hesabu ambayo hata mimi naisoma polepole na kalamu mkononi. Anza na cha 1950, The Human Use of Human Beings, aliwaandikia watu wa kawaida na humo ndimo anaongea kazi na mashine na jamii. Baada yake Ashby wa 1956, An Introduction to Cybernetics, ana mazoezi mwisho wa kila sehemu na hesabu yake haizidi ya sekondari, kwa mtu anayeshika kontrola kila siku utapita haraka. Ukikwama kwenye mazoezi ya Ashby weka hapa namba ya zoezi, tutafanya pamoja.

Mzee_Masese:

Na ukipata nafasi Jumamosi pita huku Masese nikuonyeshe gavana ya zamani ya mipira, iko kwenye injini ya rafiki yangu na bado inazunguka.